Bibi Osa na Nyumba ya Mlima Marsabit

Wengi wetu hapa pwani tukisikia jina la Marsabit humkumbuka tembo Ahmed, yule wa pembe ndefu ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri yake ya urais mwaka 1970, akaishi akilindwa na askari mpaka alipokufa mwaka 1974. Lakini kabla Ahmed hajavuma, mlima ule ulikwisha kujulikana katika majumba ya sinema ya Marekani, kwa sababu ya mke na mume waliotoka kwao wakaja kujenga nyumba kando ya ziwa, ndani ya msitu, mahali ambapo hata Mzungu wa Nairobi alikuwa hafiki ila kwa ruhusa maalumu. Mume aliitwa Martin Johnson na mke Osa. Leo nataka kusimulia maisha ya huyu Bibi Osa, kwa sababu habari zake nimeziona zikisimuliwa mara nyingi upande wa sifa tu, au upande wa lawama tu, na mimi naona pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Osa Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi, 1894, katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas. Kansas ni nchi ya mashamba ya ngano katikati ya Marekani, na bahari iko mbali kila upande. Babake alikuwa mfanyakazi wa gari la moshi. Katika mji wa Independence, usio mbali na hapo, alikuwako kijana aliyemzidi Osa miaka kama kumi, jina lake Martin Johnson, ambaye babake alikuwa na duka la vito na saa, na dukani humo ziliuzwa pia kamera. Hapo ndipo Martin alipopata maradhi ya kupenda picha, maradhi ambayo hayakumtoka mpaka kufa kwake.

Mwaka 1907 mwandishi mashuhuri Jack London aliondoka San Francisco kwa chombo chake cha matanga kiitwacho Snark, akitaka kuizunguka dunia. Martin aliomba kazi chomboni humo akakubaliwa kuwa mpishi, ingawa upishi wenyewe hakuujua sana. Safari ile haikumaliza duara la dunia, kwani maradhi yalimshika Jack London wakiwa katika visiwa vya kusini ya Pasifiki. Lakini Martin alirudi kwao na picha, akawa anazionyesha kwa kiingilio. Katika maonyesho hayo ndimo alimomfahamu Osa. Mwezi wa Mei, 1910, wakaoana kwa haraka bila ya kuwataka shauri wazee wa binti. Bwana alikuwa na miaka 25, na Bibi 16.

Sisi tuliolelewa kwa posa na mahari na ndugu kukaa kitako tutaliona jambo hilo kuwa la ajabu, na hata kwao halikupendeza. Walakini ndoa ile iliyoanza kwa haraka ilidumu miaka 26, na kilichoivunja kilikuwa mauti.

Miaka saba ya mwanzo walizunguka mji hadi mji, mume akionyesha picha na mke akiimba jukwaani, wakidunduliza senti za safari. Mwaka 1917 wakaenda visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, na visiwa vya Solomon. Huko kisiwa cha Malekula walikamatwa na watu wa mfalme Nagapate, wakaponea chupuchupu. Picha walizorudi nazo ziliwapatia jina. Baadaye wakafika Borneo ya Kaskazini, na mwaka 1921, kwa ushauri wa Carl Akeley, fundi mkubwa wa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho, wakageukia Afrika. Kama wageni wote wa zama hizo, nchi yetu waliionja kwanza Mombasa, wakapanda gari la moshi kwenda bara.

Ziwa lenye jina jingine

Nairobi walifanya urafiki na Blayney Percival, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama, na mtu huyo aliwatia hamu ya kulitafuta ziwa moja la kaskazini lililo ndani ya shimo la mlima uliokufa moto wake. Wakapata kiongozi hodari ambaye jina lake waliliandika Boculy, mtu aliyeweza kusoma nyayo za tembo kama hafidhi asomavyo msahafu. Kwa uhodari wa mtu huyu walivuka nyika kavu wakafika Marsabit, mlima wa kimo cha mita zipatazo 1,700, uliosimama peke yake kati ya jangwa, kichwani umejifunika ukungu na msitu mbichi. Katika shimo la mlima wakaliona ziwa, na tembo wamelizunguka.

Akina Johnson wakaliita Paradise, maana yake Pepo. Wenyeji, Waborana, walikwisha kuliita Sokorte Guda, na neno guda ni kusema kubwa, kwa kuwa liko na jingine dogo karibu yake liitwalo Sokorte Dika. Jina la wenyeji linaeleza mahali palivyo, ili mchungaji mwenye kiu asipotee njia. Jina la wageni linaeleza walivyojisikia wao. Kwa bahati mbaya, katika ramani nyingi jina la wageni ndilo lililotia nanga.

Waliporudi Marekani, walifunga mkataba na jumba kubwa la makumbusho la New York, na wakapata msaada wa fedha wa watu kadha, akiwemo George Eastman, tajiri mwenye kampuni ya Kodak. Azma yao ilikuwa kukaa ziwani miaka kadha mfululizo, wapige picha za wanyama katika maisha yao ya kila siku, ziwe kumbukumbu kwa vizazi vitakavyokuja. Mwanzoni mwa 1924 wakafika Kenya mara ya pili, wakaelekea kaskazini na msafara wa magari, mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, ngamia na wapagazi.

Hapa hapana budi nieleze jambo ambalo vitabu vya sifa hulipita mbio. Sehemu ile iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwa sheria ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1902 ilikuwa imefungwa. Mtu wa nje haingii bila ya kibali. Mfanyabiashara wa pwani aliyetaka kupeleka nguo na buni huko alikuwa na mlango wa kubisha. Wenyeji nao, Waborana, Warendile, Wagabra na Wasomali, walipangiwa wapi walishe na wapi wasikanyage. Lakini mke na mume kutoka Kansas walipewa ruhusa ya kuingia, kukata miti na kuweka makazi. Simlaumu Bibi Osa kwa sheria ambayo hakuitunga yeye. Nasema tu kwamba anayetaka kuielewa nyumba ile sharti kwanza aujue ua uliokuwa umeizunguka nchi yenyewe.

Kukandika na kuezeka

Basi nyumba ilijengwaje? Msomaji wangu wa Lamu au Kwale hataona ugeni. Walikata magogo ya msituni wakayasimamisha, wakakandika kwa udongo uliochanganywa na mavi ya wanyama ili usipasuke, juu wakaezeka kwa nyasi. Ni jamaa ya nyumba zetu za udongo, isipokuwa huku kwetu mahali pa magogo huwa fito na boriti, na mahali pa nyasi huwa makuti. Kwa kuwa Marsabit ni baridi, na ukungu hushuka usiku mpaka mtu akatetemeka, wakajenga na meko ya kuotea moto ndani.

Na haikuwa nyumba moja. Ukiisoma habari ya mahali pale utadhani ni kijiji: nyumba ya kulala, ghala za chakula na vifaa, banda la magari, vibanda vya wafanyakazi, zizi la wanyama wa maziwa, kuku, na bustani. Juu ya yote palikuwa na chumba cha kusafishia picha, ambacho naweza kusema ndicho kilichokuwa moyo wa boma lile. Filamu za zamani zile ziliharibika upesi kwa joto, tena zilikuwa nyepesi kushika moto kama pamba iliyomwagiwa mafuta ya taa. Ukizipeleka Nairobi kwa gari, jangwani zitaiva kabla ya kufika. Kwa hiyo ilikuwa lazima zisafishwe pale pale. Na kusafisha picha kunataka maji safi mengi. Maji ya ziwa yalikuwa na tope na majani, ikabidi yapandishwe kutoka shimoni kwa wanyama wa mizigo, kisha yachujwe na kuchujwa tena kabla ya kutiwa dawa. Sinema zilizowafurahisha watu wa New York zilianza na punda aliyepanda mlima amebeba maji.

Bibi Osa alikuwa na kazi mbili ambazo si kawaida kuziona kwa mtu mmoja. Ya kwanza ni ya nyumba. Alileta mbegu kutoka mbali akapanda mboga na viazi, na udongo wa mlima, ambao ni majivu ya moto wa kale, ukampa mazao kwa ukarimu. Lakini jirani zake walikuwa tembo na nyani, na jirani hao hawakujua mpaka wa shamba. Usiku tembo walikuja kula viazi vitamu, mchana nyani wakamalizia kilichosalia, na Bibi akawa mlinzi wa bustani kama mkulima yeyote wa Shimba Hills. Alioka mikate, alivua samaki katika mto Ewaso Nyiro walipopita huko, alitafuta asali na mboga za mwituni. Mtu akiwa mbali na duka kwa safari ya siku nyingi, tumbo lake hutegemea akili yake.

Kazi ya pili ilikuwa ya bunduki. Kamera ya siku hizo ilizungushwa kwa mkono, na mzungushaji hana ruhusa ya kutetemeka wala kukimbia, kwani mkono ukisita picha imeharibika. Bwana Martin akizungusha mbele ya faru au simba, Bibi Osa alisimama kando yake na bunduki. Faru akija mbio, ni yeye wa kupima: je, atageuka, au yataka kupigwa? Akipiga mapema, picha imekatika. Akichelewa, amekuwa mjane. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kupenda mavazi mazuri, na watazamaji walipenda kumwona hivyo. Mimi husema kwamba kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza macho hata kidogo. Ilikuwa kazi ya kushika roho ya mumewe mkononi.

Usiku walitumia hila nyingine. Walijificha katika kibanda cha miiba karibu na maji, au walitega uzi penye nyama, na simba alipougusa, unga wa kimulimuli ukalipuka na kamera ikapokea sura yake. Simba akajipiga picha mwenyewe asijue.

Wajenzi ni nani?

Sasa nafika kwenye jambo linalonikera. Imeandikwa mara nyingi kwamba akina Johnson walijijengea nyumba yao jangwani. Ni kweli kwamba Bwana na Bibi hawakuwa watu wa kukaa kivulini na kuamuru tu. Wote wawili walichafuka mikono. Lakini magogo yale yaliangushwa, yakabebwa na kusimamishwa na makumi kwa makumi ya watu weusi. Udongo ulikandwa kwa miguu yao. Nyasi zilikatwa na kufungwa nao, na maarifa ya kukandika na kuezeka yalikuwa yao kabla ya Osa kuzaliwa. Wachache wametajwa kwa majina vitabuni, tena mengine yamepindwa tahajia hata mwenye jina angesita kuitika. Walio wengi hawakutajwa kabisa.

Na picha nazo zina lawama yao. Pamoja na uzuri wake, sinema za akina Johnson zilikuwa na mizaha ya kuwadhihaki watu weusi, wakaonyeshwa kama watoto wasiojua kitu mbele ya vyombo vya Wazungu. Mara nyingine wanyama walichokozwa makusudi ili washambulie, kisha wakauawa, na mtazamaji akadhani mnyama ndiye aliyeanza ugomvi. Wataalamu wa makumbusho wenyewe walikuja kuyanung'unikia mambo ya namna hiyo. Watu wa Marekani waliomiminika kuitazama sinema ya Simba mwaka 1928, au kukisoma kitabu kiitwacho Safari cha mwaka huo huo, walijifunza maneno mawili mazuri ya Kiswahili, lakini waliojifunza heshima ya wenye lugha hiyo hawakuwa wengi.

Hata hivyo mizani ina masahani mawili. Katika picha hizo hizo wamo tembo wa Marsabit kwa makundi, na faru katika nchi ambayo leo faru wa porini hawaonekani tena. Mwenye kutaka kujua kaskazini yetu ilikuwa na utajiri gani wa wanyama miaka mia moja iliyopita, ushahidi anao. Waliotupigia picha kwa dharau walituwekea amana bila ya kukusudia.

Baada ya Marsabit

Mwaka 1926 George Eastman mwenyewe alikuja Kenya pamoja na Carl Akeley kuwatembelea na kuwinda. Akeley hakurudi kwao, kwani alikufa mwezi wa Novemba mwaka huo katika milima ya Kongo akiwafuatilia sokwe wakubwa wa huko. Kufikia 1927 akina Johnson walikuwa wamefunga virago vya Marsabit. Kuanzia 1929 mpaka 1931 walikuwa Kongo, katika msitu wa Ituri na milima ya masokwe, na matunda yake yakawa sinema ya Congorilla ya mwaka 1932. Kisha wakajifunza kurusha ndege, na mwaka 1933 wakaleta Afrika ndege mbili zenye uwezo wa kutua majini, moja imepakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga. Kwa ndege hizo walisafiri maili zipatazo 60,000, wakapiga picha kilele cha mlima Kenya na cha Kilimanjaro kutoka juu, na wakapiga kambi kando ya ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Baada ya hapo wakaenda tena Borneo, mwaka 1935 na 1936.

Tazama sasa mambo ya Mwenyezi Mungu. Watu hawa walisimama mbele ya faru na simba, waliruka juu ya misitu ambayo ndege ikianguka haipatikani, wasidhurike. Tarehe 12 Januari, 1937, wakiwa kwao, wamepanda ndege ya abiria kama watu wengine wote, ndege ile ikagonga mlima karibu na Burbank, California. Bwana Martin alikufa siku ya pili. Bibi Osa alivunjika vibaya, lakini akaokoka. Alikuwa na mihadhara iliyokwisha kupangwa, akaitoa akiwa katika kiti cha magurudumu.

Hakukaa eda ya kunyamaza. Mwaka huo huo alirudi Afrika Mashariki kuongoza kazi ya kupiga picha za sinema ya Stanley na Livingstone, iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1940 alichapisha kitabu cha maisha yake na mumewe, kikauzwa Marekani mwaka huo kuliko kitabu kingine chochote kisichokuwa cha hadithi za kubuni. Mwaka uliofuata akatoa kingine, juu ya miaka ya Marsabit peke yake. Aliolewa tena, lakini ndoa hiyo haikudumu. Tarehe 7 Januari, 1953, alifariki katika jiji la New York kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka 58. Akazikwa Chanute, mji aliozaliwa, na mwaka 1961 pakafunguliwa huko makumbusho yao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Na nyumba? Udongo na nyasi havina ahadi ya milele. Kila mwenye nyumba ya makuti anajua kwamba ukiacha kuezeka misimu michache, mvua inaingia, mchwa wanafuata, na ukuta unarudi kuwa ardhi. Nyumba ya Bibi Osa ilirudi msituni. Siku hizi lami inatoka Isiolo mpaka Moyale, barabara iliyokamilika katika miaka ya 2010, na kijana wa Mombasa anaweza kufika Marsabit asihitaji kibali cha bwana shauri yeyote. Shimo la ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa. Mvua zikiwa nzuri linajaa, na ukame ukizidi linakauka mpaka tembo wanakanyaga tope lililopasuka.

Nami nikiyapima maisha ya mwanamke huyu, sioni njia ya kumtukuza wala ya kumfuta. Alikuwa shujaa, mke mwema kwa mumewe, na mchapa kazi. Alikuwa pia mtu wa zama zake, aliyekaa katika nchi ya watu akaona tembo wote na asiwaone vizuri wenyeji. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na kwa hakika alistarehe. Kama mwenyeji alipona, hilo halimo katika sinema. Wako wazee wa Marsabit waliosimuliwa na baba zao nani alikata magogo yale na nani alikanda udongo, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Vijana wa kaskazini wenye kalamu wawaendee mapema, wayaandike majina hayo kwa tahajia ya wenyewe, ili nayo yakae kando ya jina la Bibi Osa.